Pano Ione Jua: Kuinamisha na Kugeuza Pano ya Sola Huku Niania

Somo la mwezi wa tatu kwa memba wa koperative



Katika mikutano ya koperative kuna swali linalorudi mara mingi: "Pano yetu ni ileile, batri ni ileile, lakini mataa yanazimika mbele ya saa tatu ya usiku. Tununue pano ingine?" Na wengine wamesikia kwamba kuna pano zinazogeuka zenyewe kufuata jua, kuanzia asubuhi mpaka mangaribi. Wanauliza kama kisanduku cha koperative kinaweza kulipa mashine ya namna hiyo.

Jibu letu ni hili: mbele ya kutoa hata franka moja, mufanye pano muliyo nayo ione jua vizuri. Kazi ni nne, na zinafuatana: kuondoa kivuli, kusafisha, kuinamisha, na mwisho kugeuza kila siku. Tutaonyesha kwa hesabu kwa nini kugeuza tumekuweka mwisho, hata kama ndiko watu wanakuzungumzia zaidi.

Tumechagua mwezi wa tatu kwa kusudi. Ni mwezi ambao jua linapita juu ya kichwa huku kwetu na kuhamia upande wa kaskazini. Pano iliyoinamishwa kusini tangu mwaka uliopita, sasa inaomba kugeuzwa.

1. Hasara inaingilia wapi

Pano iliyoandikwa wati 100 haitoi wati 100 siku yote. Inazitoa tu wakati jua kali linaipiga wima na pano yenyewe haijapata moto. Asubuhi inatoa kidogo, mchana mingi, wakati wa mawingu kidogo tena. Ukichanga mwangaza wote wa siku moja katika Ituri, kwa kawaida unapata sawa na saa 4 ao 5 za jua kamili. Tuchukue 4 ili tusijidanganye.

Pano ya wati 100 mara saa 4 inatoa wati-saa 400. Joto, waya na batri vinakula sehemu yao, zinabaki 300 hivi za kutumia. Ampuli ya wati 5 ikiwaka saa 6 inakula wati-saa 30. Telefone ndogo ya kubonyeza, tangu iko tupu mpaka ijae, inakula karibu 5.

Sasa muangalie: ukipoteza sehemu moja tu juu ya kumi, umepoteza ampuli moja ya usiku, ao telefone sita ambazo wenyewe wangelipa kwenye kisanduku. Kila siku.

Na kuna hasara ingine ambayo haionekani upesi, nayo ndiyo inauma zaidi. Batri ya asidi, sawa na ile ya gari, haipendi kulala na njaa. Ikikaa wiki na wiki bila kujaa, ukoko mgumu unajitengeneza kwenye sahani zake za ndani na nafasi ya kuweka umeme inapungua. Mara mingi batri ni kitu cha bei kali kuliko vingine vyote katika mtambo. Watu wanasema "batri ilikuwa ya uongo," lakini mara zingine ilikufa juu ya pano iliyokaa kwenye kivuli cha mti wa avoka.

Kama fundi wenu iko na kipimo cha volti, aitumie asubuhi, batri ikiwa imepumzika saa chache bila kitu kinachokula ao kinachochaji. Volti 12.7 maana yake imeshiba. Volti 12.2 maana yake iko nusu. Batri inayofika chini ya nusu kila asubuhi haitadumu.

2. Jua linapita wapi huku kwetu

Tukubaliane kwanza juu ya pande. Ukisimama kwenye njia panda ya Niania, kaskazini ni upande wa Wamba na Isiro. Mashariki ni upande wa Epulu na Mambasa, ambako jua linatokea. Magharibi ni upande wa Bafwasende na Kisangani. Kusini ni kinyume cha njia ya Wamba.

Niania iko karibu sana na ikweta, digrii 1 na kidogo tu upande wa kaskazini. Ndiyo sababu jua letu halikai upande mmoja mwaka wote:

- Karibu tarehe 24 ya mwezi wa tatu, saa sita ya mchana, jua liko utosini kabisa. Fimbo iliyosimama wima inakosa kivuli.
- Tarehe 21 ya mwezi wa sita, saa sita, jua liko digrii 22 upande wa kaskazini.
- Karibu tarehe 19 ya mwezi wa tisa, linarudi utosini.
- Tarehe 21 ya mwezi wa kumi na mbili, saa sita, liko digrii 25 upande wa kusini.

Kwa hiyo tangu mwisho wa mwezi wa tatu mpaka katikati ya mwezi wa tisa, jua la saa sita liko kaskazini. Miezi mingine iko kusini.

Hapa kuna mtego. Kitabu kidogo kinachokuja ndani ya boksi ya pano mara zingine kinasema: "Elekeza kusini, digrii 30 ao 35." Maneno hayo si uongo, lakini yaliandikwa kwa watu wa mbali. Kule Bruxelles, kwenye digrii 51 kaskazini, jua halifiki utosini hata siku moja; linakaa kusini mwaka mzima. Na ndugu anayetoka Lubumbashi, karibu digrii 12 kusini ya ikweta, atakuambia kwamba pano inaangalia kaskazini. Yeye pia anasema kweli, kwa kwao. Mafundi wa Bunia na Kisangani ndio wako na jua linalofanana na letu.

Ukifuata kitabu cha boksi na kufunga pano yako digrii 35 kusini hapa Niania, mwezi wa sita saa sita ya mchana itapokea nusu na kidogo tu ya miali inayotoka moja kwa moja kwenye jua. Umenunua pano ya wati 100, unatumia ya 55.

3. Kazi ya kwanza: kuondoa kivuli

Ndani ya pano ya kawaida ya volti 12 kuna vipande vyeusi 36 ao zaidi, vinaitwa seli. Kila kimoja kinatoa karibu nusu ya volti, na vyote vimefungwa mfululizo, kimoja nyuma ya kingine. Umeme unapita kwa kila kimoja sawa na maji katika bomba moja. Ukibana bomba fasi moja, maji yanapungua kila fasi. Vilevile, jani moja kubwa la ndizi likifunika seli moja, linaweza kukata nguvu ya nusu ya pano, ao zaidi kama pano haina zile diodi zinazopitisha umeme pembeni ya seli iliyofunikwa.

Huku tunaishi ndani ya msitu. Mti wa mita 30 unatupa kivuli cha mita 50 hivi saa mbili ya asubuhi. Usitazame pano saa sita tu, wakati kila mtu anaona jua. Muende mara tatu: saa tatu ya asubuhi, saa sita, na saa tisa ya mchana. Muangalie pia waya za radio, pembe ya paa, nguo zilizoanikwa, na muhindi uliokua tangu pano ilipofungwa.

Kama kuna kivuli, hatusemi mukate mti kwanza. Miti inachunga kakao yenu na udongo wenu. Kuhamisha pano mita tano mara nyingi kunatosha. Lakini mukumbuke waya. Pano ya wati 100 iliyo mita 10 mbali na batri, ikitumia waya mwembamba wa milimita mraba 1.5, inapoteza volti 1.3 hivi njiani wakati wa jua kali. Kwa waya wa milimita mraba 4 hasara inashuka chini ya nusu volti. Ukiongeza urefu, ongeza na unene.

4. Kazi ya pili: usafi na upepo

Wakati wa jua kali, vumbi jekundu la magari ya barabara linakaa juu ya kioo. Wakati wa kuchoma mashamba, ni majivu. Wakati wa mvua, ukungu wa kijani unaota kwenye ukingo wa chini. Safisha asubuhi mapema, pano ikiwa baridi, kwa maji safi na kitambaa laini. Usitumie mchanga wala kisu. Kioo kikikwaruzwa kimekwaruzwa. Na usipande kwenye manjanja yaliyolowa na mvua: pano ikivunjika inanunuliwa, mgongo haununuliwi.

Tena pano inataka upepo chini yake. Kila digrii ya joto inayozidi 25, pano inapoteza karibu 0.4 juu ya mia. Pano iliyolala juu ya manjanja bila nafasi inaweza kufika digrii 60, na hapo imepoteza karibu 14 juu ya mia. Acha nafasi ya upana wa kiganja, sentimita 10, kati ya pano na manjanja.

5. Kazi ya tatu: kuinamisha

Sasa tunafika kwenye pembe. Kuna sheria moja ya kushika: pano inaangalia upande ulioshuka. Kama unataka iangalie kaskazini, unainua ukingo wa kusini. Wengi wanakosea hapa, wanainua ukingo wa upande wanaoutaka.

Hauna haja ya chombo cha kupimia digrii. Pima urefu wa pano kwa upande unaoinuliwa, kisha:

- Kwa digrii 10, inua ukingo kwa sehemu moja juu ya sita ya urefu. Pano ya sentimita 120 unainua sentimita 20 hivi.
- Kwa digrii 15, inua kwa robo ya urefu. Pano ya sentimita 120 unainua sentimita 30 hivi.
- Kwa digrii 30, inua kwa nusu ya urefu. Pano ya sentimita 120 unainua sentimita 60.

Usishuke chini ya digrii 10, hata kama hesabu ya jua inaruhusu. Pano iliyolala kabisa inatunza maji na majani yaliyooza, na mvua haiwezi kuisafisha.

Kwa Niania tunashauri hivi.

Kama pano inaweza kugeuzwa mara mbili kwa mwaka: tangu mwisho wa mwezi wa tatu, digrii 15 kuelekea kaskazini. Tangu mwisho wa mwezi wa tisa, digrii 15 kuelekea kusini. Ni kazi ya nusu saa, mara mbili kwa mwaka. Faida yake wakati wa saa sita, ukilinganisha na pano iliyolala: karibu 7 juu ya mia zaidi mwezi wa sita, na karibu 9 juu ya mia zaidi mwezi wa kumi na mbili, kwa miali inayotoka moja kwa moja kwenye jua. Ukilinganisha na pano iliyosahauliwa upande usiofaa, tofauti inakuwa kubwa zaidi: pano ya digrii 15 kusini, ikiachwa hivyo mpaka mwezi wa sita, inapoteza karibu 20 juu ya mia saa sita ya mchana mbele ya ile iliyogeuzwa kaskazini.

Kama pano haiwezi kugeuzwa: digrii 10 kuelekea kusini, na muiache. Kwa nini kusini, ikiwa sisi tuko kaskazini ya ikweta? Juu ya mvua. Mwezi wa kwanza na wa pili ndipo mvua inapungua na anga inafunguka, na wakati huo jua liko kusini. Katikati ya mwaka mawingu ni mengi, na mawingu yanatawanya mwangaza kila upande, kwa hiyo pembe ya pano haina nguvu sana. Tunainamisha upande ambao miali ya moja kwa moja inapatikana zaidi.

Kama paa lenu linaangalia mashariki ao magharibi: musihangaike. Paa lenye mwinamo wa digrii 15 linapoteza karibu 3 ao 4 juu ya mia tu kwa siku nzima. Hasara hiyo ni ndogo kuliko ya jani moja la ndizi. Hakuna sababu ya kutoboa manjanja mara ya pili.

Kipimo cha musumari

Namna hii inawafaa wote, hata asiyejua kusoma. Tafuta kijiti kilichonyooka ao musumari wa sentimita 10. Usimamishe wima juu ya pano, bila kupiga, ukiushika kwa vidole kwenye ukingo. Tazama kivuli chake juu ya kioo:

- Hakuna kivuli: pano inaangalia jua usoni.
- Kivuli cha sentimita 3: hasara ya 4 juu ya mia. Acha hivyo.
- Kivuli cha sentimita 6: hasara ya 14 juu ya mia.
- Kivuli cha sentimita 10, sawa na musumari wenyewe: hasara ya 30 juu ya mia hivi.
- Kivuli cha sentimita 17: nusu imepotea.

Fanya kipimo hiki saa sita ya jua, maana yake wakati kivuli cha fimbo ni kifupi kuliko wakati wowote wa siku. Usiamini telefone peke yake. Mwezi huu, hapa Niania, saa sita ya jua inafika wakati telefone inaonyesha karibu saa sita na robo. Kule Bunia, ambako ni mashariki zaidi, inafika dakika 10 hivi mbele yetu.

Kivuli kinaeleza pia jambo moja la kutia moyo: makosa madogo hayaumi. Pano ikikosa jua kwa digrii 15 unapoteza 3 ao 4 tu. Makosa makubwa ndiyo yanakula. Kwa hiyo musigombane juu ya digrii 12 ao 15.

6. Kazi ya ine: kugeuza kufuata jua

Hapa ndipo watu wanapenda kufika. Ni kweli kwamba pano inayofuata jua inatoa zaidi. Tumefanya hesabu kwa pano inayogeuzwa kwa mkono mara tatu kwa siku, katika mwezi wa tatu ao wa tisa: tangu saa mbili ya asubuhi inaangalia mashariki kwa digrii 30, saa tano inalazwa, saa saba inaangalia magharibi kwa digrii 30. Tunaita 100 kile pano inachopokea ikiangalia jua usoni.

Saa mbili ya asubuhi: pano iliyolala inapata 50, iliyogeuzwa 87.
Saa tatu: iliyolala 71, iliyogeuzwa 97.
Saa ine: iliyolala 87, iliyogeuzwa 100.
Saa tano: zote mbili 97.
Saa sita: zote mbili 100.

Mchana hesabu inarudi vilevile kwa upande wa magharibi, mpaka saa kumi. Ukijumlisha saa zote, tangu saa mbili ya asubuhi mpaka saa kumi, iliyolala inapata 710, iliyogeuzwa 862. Faida ni kama 20 juu ya mia.

Ni faida nzuri. Lakini muangalie sharti zake.

Kwanza, ni ya siku isiyo na wingu. Anga ikifunikwa, mwangaza unatoka kila fasi ya mbingu, na pano inayoangalia mashariki haipati kitu zaidi; inapoteza hata kidogo, kwa sababu sehemu yake inaangalia udongo. Na miali ya asubuhi, hata kwa anga safi, ni dhaifu kuliko ya mchana. Katika msitu wetu wenye mvua, faida ya mwaka mzima inashuka chini sana ya 20.

Pili, ole wako ukisahau. Pano iliyoelekezwa mashariki saa mbili, kisha mwenye kazi akaitwa kwenye kilio ao kwenye soko, inapata 26 tu saa tisa ya mchana, na saa kumi inapata sifuri. Jumla ya siku inakuwa 615, chini ya ile 710 ya pano iliyolala bila kuguswa na mtu. Njo maana tunasema: pano bila mtu, ilale.

Tatu, pano inayogeuzwa iko chini, karibu na mkono wa kila mtu, na mwizi naye ana mikono. Ile ya juu ya paa yenye buloni nzuri inalala salama zaidi.

Na zile mashine zenye mota? Katika vituo vikubwa vya umeme wa jua zinatumika na zinaleta faida, kwa sababu kuna mafundi kila siku na anga ni kavu. Huku kwetu mota inapata kutu, meno yake yanalika, na kipuri kinatoka Bunia ao Kisangani kwa barabara tunayoijua wakati wa mvua. Ikikwama ikiangalia mashariki, muko na ile hasara tuliyoonyesha, siku baada ya siku. Kwa koperative yenye pano moja ao mbili, franka hizo zinunue pano ya ziada ao batri nzuri. Pano ya pili haina meno ya kulika.

Kugeuza kwa mkono kunafaa wakati mambo matatu yanakutana: ni miezi ya jua kali, kuna mtu anayekaa palepale siku nzima, kama vile anayechaji telefone za watu, na jioni pano inaingizwa ndani. Mukiamua hivyo, mufanye meza ya mbao yenye bawaba upande mmoja na vijiti viwili vya kuegemeza vya urefu uliopimwa, ili kila mtu apate pembe ileile bila kukisia. Waya uachwe mrefu kidogo na ufanye mzunguko, usivutwe. Shaba inayokunjwa kila siku fasi moja inakatika ndani na haionekani.

Kuna njia ingine kwa koperative zenye pano mbili za namna moja: moja iangalie mashariki, ingine magharibi, kila moja digrii 15, zikifungwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Jumla ya siku haizidi ile ya pano zilizolala, lakini umeme unaanza mapema na kuendelea mpaka jioni, bila mtu kugusa kitu. Inafaa kwa kazi ya kuchaji telefone mchana.

Neno moja juu ya usalama. Mbele ya kuhamisha pano, ondoa kwanza waya wa pano kwenye regilateri, kisha ule wa batri. Wakati wa kurudisha, batri kwanza, pano mwisho. Regilateri nyingi zinakufa kwa sababu ya kupindua utaratibu huo. Na mukumbuke kwamba pano iliyo kwenye jua inatoa umeme hata kama haijafungwa kwa kitu; ifunikeni kwa gunia wakati wa kazi.

7. Kazi ya mkutano unaofuata

Tunaomba kila koperative ichague watu wawili, mama mmoja na baba mmoja, wafanye hivi mbele ya mwisho wa mwezi:

1. Watazame kivuli kwenye pano saa tatu, saa sita na saa tisa, kwa siku moja ya jua, na waandike walichoona.
2. Wasafishe pano na kupima nafasi iliyo chini yake.
3. Wapime kwa musumari saa sita ya jua, na waandike urefu wa kivuli.
4. Wageuze pano kuelekea kaskazini, digrii 15, kama inaweza kugeuzwa.
5. Waandike, kwa wiki moja mbele na wiki moja kisha, saa ambayo mataa yanazimika na hesabu ya telefone zilizochajiwa kila siku.
6. Waandike kwenye ukuta wa depo, kwa makaa ao kwa rangi: "Mwisho wa mwezi wa tisa: kusini." Mtu anasahau, ukuta hausahau.

Kazi ya tano ndiyo ya maana kuliko zote. Kama daftari linaonyesha kwamba mataa sasa yanafika saa ine ya usiku, mumepata mliyotaka kununua, na kisanduku kimebaki na franka zake. Kama pano iko safi, haina kivuli, imeinama vizuri, na bado mataa yanazimika mapema, basi daftari hilo limejibu swali la mwanzo: matumizi yamezidi pano, ao batri imechoka. Hapo mutaenda Bunia mukijua mnachoenda kutafuta, na hakuna muuzaji atakayewapeleka anakotaka yeye.

Jua tunalo sote, na halitumi fakture. Tulipokee vizuri.